Kiti cha Aksanti

Nilikaa mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenifunga kamba, na kanuni iliyonimaliza niliiandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nene nyekundu, juu ya karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani: MWENYE KUKAA KWA KITI HAJIBU. ANASEMA AKSANTI TU. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walishasema, nami changu nilikichimba siku tano nzima huku nikipigiwa makofi.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa elfu mbili, siku ya mwisho ya mafunzo ya uongozi. Tulikuwa watu ishirini na sita ndani ya ukumbi wa parokia moja hapa Bukavu: vijana wa mtaa wa Kasha, vijana wawili waliovuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi, msichana mmoja wa Luberizi aliyetumia siku mbili barabarani kwa safari ya nusu siku, na akina mama wa mashirika ya mitaa. Vita ilikuwa huko nje. Sisi humo ndani tulifundishana kuongoza kikao, kusikiliza, na kumaliza ugomvi bila kurusha mawe. Mimi, Noëlla, nilikuwa mkufunzi, formatrice, pamoja na Évariste, ambaye wote tulimwita Tonton, mjomba. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, na kesho yake, Jumamosi, familia ya Constantin ilikuwa ije kwetu na mahari yangu.

Ndiyo, Constantin alikuwa humo humo ukumbini, rais wa vijana wa Kasha. Msinitolee macho. Nilimpenda miaka miwili kabla ya mafunzo hayo, sikumwokota kwenye orodha ya washiriki. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na macho yake yalikuwa na tabia ya kunitafuta popote nilipo, hata nikiwa nyuma ya watu kumi. Nilikuwa naishi kwa macho hayo. Lakini juma lile zima hayakunitafuta hata mara moja, na mimi mpumbavu nikajiambia kwamba ananiheshimu kwa sababu niko kazini.

Asubuhi hiyo, wakati wa chai, nilimfuata alikosimama na kikombe chake.

“Kesho utavala shati gani?” nilimuuliza nikicheka.

“Tutaona.”

“Tutaona nini? Maman yangu anauliza mutakuya batu wangapi, juu ya kupanga viti. Pombe ya kasiksi imeshafika toka jana, mitungi mine.”

“Noëlla, wacha ninywe chai.”

Alisema hivyo akitazama ndani ya kikombe. Kabla sijamuuliza ana nini, mama yake alishatufikia. Maman Madeleine alikuwa mjane, mkubwa wa shirika la akina mama wanaouza mboga kule Kasha, mwanamke mfupi aliyefunga pagne yake, kitenge cha kiunoni, kwa kukaza kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Yeye pia alikuwa mshiriki wetu, na hakuwa na haya ya kunitania mbele za watu.

“Eeeh, Constantin!” alisema. “Madame formatrice anakuuliza. Jibu, asikuandike ku karatasi!”

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini? Akanishika mkono kwa upole ambao haukunidanganya.

“Mwanangu, sauti yako inasikilika mpaka ku barabara. Kwetu, sauti ya bibi ya mutu inaishiaka ku mulango ya jiko.”

“Jiko yangu haitakuwa na mulango, maman,” nilimjibu.

Wakacheka zaidi, safari hii upande wangu. Nilirudi ukumbini nikitembea kwa madaha, nikidhani nimeshinda.

Sasa lile zoezi. Kiti kimoja kinawekwa katikati. Mtu anakaa, na wengine wanasimama mmoja mmoja, kila mmoja anamwambia uzuri wake mmoja na kasoro yake moja. Anayekaa haruhusiwi kujitetea. Kiongozi asiyeweza kusikia kasoro yake bila kufoka hafai kuongoza hata kuku. Hayo ni maneno yangu, niliyasema Jumatatu na watu wakayaandika kwenye madaftari. Na ili washiriki waondokewe na hofu, mkufunzi anakaa wa kwanza.

Willy wa Idjwi ndiye aliyeanza.

“Uzuri yako, unafundisha na tunasikia. Kasoro yako, unaongea mbio sana. Mutu atasema unakimbizwa.”

“Aksanti,” nikasema, na ukumbi ukapiga makofi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila baada ya aksanti tunapiga makofi, ili kumtia moyo aliyekaa.

Akasimama Aurore, yule msichana wa Luberizi. “Uzuri yako, uliniachia kitanda yako toka siku nilifika, weye ukalala chini. Kasoro yako, hauna wakati hata ya kukula.”

“Aksanti.” Makofi.

Maman Madeleine akainuka polepole, mikono kiunoni. “Uzuri yako, hauogope mutu.” Akawageukia wenzake kwanza. “Kasoro yako, hauogope mutu.”

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka mpaka nikajifuta machozi. “Aksanti, maman.”

Kisha akasimama Constantin, na hatimaye alikuwa ananitazama. Nilimtabasamia. Mungu anisamehe, nilimtabasamia mbele za watu wote kama bibi harusi.

“Uzuri yako, Noëlla, unajua kupanga mambo.” Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. “Kasoro yako, unapangaka mpaka maisha ya bengine. Ulipanga kesho. Ulipanga viti, ulipanga kasiksi, ulipanga batoto watasoma wapi. Miye, hakuna siku uliniuliza.”

Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani wa wachumba. Mimi nilikuwa nimeacha kutabasamu.

“Sasa nasema mbele ya bote, juu ulitufundisha kusema mbele ya bote. Kesho hatukuye. Si kesho, si siku ingine. Kwetu tulikuwa tunatafuta bibi. Hatukutafuta directrice wa kutuamuru.”

Mtu mmoja nyuma alitoa kicheko, akakikata. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, jamani, nilikuwa nayo mengi mpaka yakanikaba: kwamba Jumamosi aliichagua yeye, kwamba ng'ombe wa mahari wa baba yake mdogo alikuwa anangoja mashua kule Idjwi kwa agizo lake yeye, kwamba mambo ya watoto aliyaanza yeye, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja yangu. Tonton Évariste aliona mdomo wangu. Ni mtu mwema, baba wa watoto sita. Aligusa ile karatasi ukutani kwa ncha ya kalamu yake.

“Kanuni, Noëlla,” alisema polepole. Alidhani ananisaidia nisijiaibishe.

Nikayasoma maandishi yangu mwenyewe.

“Aksanti,” nikasema.

Wakapiga makofi. Si wote, lakini walipiga, kwa mazoea tu, na wengine walikuwa wananihurumia huku viganja vikilia. Maman Madeleine hakupiga. Alikuwa anainamia pindo la pagne yake, na nilimwona akitabasamu.

Tonton Évariste alitangaza mapumziko ya dakika kumi. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo Constantin hakuwa na pa kukimbilia ila barazani, na huko ndiko nilikomkuta, ameegemea ukuta.

“Juu ya nini haukuniambia miye peke yangu?” nilimuuliza.

“Ungelia.”

“Na ningelia, iko nini?”

“Nikikuona unalia, sitaweza.” Alisema bila kunitazama. “Najijua, Noëlla. Ungelia, ningesema tuendelee, na maman...”

“Maman alisema nini?”

“Alisema nichague. Weye ao baraka yake. Alisema nikileta bibi mwenye anasimamisha banaume mbele ya karatasi, nisimuite mama tena. Alivua pagne ya kichwa, Noëlla. Mbele yangu. Unajua maana yake.”

Nilijua. Mama akijivua kitambaa mbele ya mtoto wake wa kiume, laana iko karibu na mlango.

“Basi ukangoja kiti.”

Alijifuta mvua usoni.

“Constantin, ulingoja nikae kwa kiti juu hapo siwezi kukujibu?”

“Ndiyo,” alisema. Angalau hilo alilisema waziwazi.

“Na unanipenda?”

Nilijidharau kwa kuuliza, lakini niliuliza. Mvua ilikuwa inaturukia miguuni, na nilikuwa tayari kusamehe kila kitu, hata yale makofi, kama angenitazama tu.

“Nakupenda,” alisema. “Haibadilishe kitu.”

Nilitaka kuondoka. Akanishika kiwiko, na kwa sekunde moja mwili wangu wote ulidhani amebadili mawazo.

“Noëlla, ile neno nilikuambia ku Nguba. Utaiweka, ee? Weye uko mutu muzuri. Najua hautasema.”

Kumbe ndilo hilo lililomfanya anishike.

Neno lile la Nguba ni hili. Mwaka uliotangulia, mchana kweupe, tumekaa ukingoni mwa ziwa, Constantin alinisimulia jinsi baba yake alivyokufa. Mwaka wa tisini na sita, risasi zilipoingia mjini, Maman Madeleine alikuwa ameshavukia Idjwi na watoto wadogo. Constantin alibaki na baba yake, Papa Emile, aliyekuwa ameshapooza miguu, akamweka kwenye toroli na kumsukuma katika njia ya Katana. Mama yake na mtaa wote walijua kwamba mzee alikufa kwa homa njiani, na kwamba padri mmoja alimzika. Hayo ndiyo Constantin aliyowaambia. Ukweli ni kwamba siku ya tatu gurudumu la toroli lilivunjika. Alimkalisha baba yake chini ya mti, akamwambia, “Papa, naenda kutafuta maji,” akashuka kwa njia ya ziwa, na hakurudi. Njia zilipofunguka, mama yake akataka kuonyeshwa kaburi. Akamwonyesha tuta moja lisilo na jina karibu na kanisa dogo, lenye msalaba wa miti. Tangu siku hiyo Maman Madeleine huenda pale kila mwezi kupalilia na kupanda maua.

Alinisimulia akilia mpaka kamasi. Na mimi nilimkumbatia, nikaapa kwamba hayo yatakufa nami. Siku ile nilimpenda kuliko siku zote, kwa sababu nilidhani mtu aliyelia hivyo hatamwacha mtu tena.

Tuliporudi ndani, ilikuwa zamu ya wagombea. Vijana walikuwa wamchague mwakilishi wao mmoja kwa mitaa yote, na kila mgombea alipaswa kupitia kile kiti. Constantin alisita. Aliniangalia mara moja, haraka, akasema labda apite mwingine kwanza.

“Kaa, mwanangu,” mama yake akamwambia kwa fahari. “Batu bakuone.”

Akakaa. Wakamsifu. Mtulivu, hakasiriki, anasikiliza wakubwa. Kasoro zake zilikuwa za kuchekesha: anachelewa vikao, hajui kuimba. Aksanti, makofi. Aksanti, makofi. Mwishoni Tonton Évariste alinigeukia, akasema kwa sauti ya chini, “Noëlla, kama haupendi, unaweza kuruka zamu yako. Hakuna mutu atakulaumu.”

Ningeruka. Nawaambia kweli, nilikuwa karibu kuruka.

Nikasimama.

“Uzuri yako, Constantin, unajua kulia,” nilisema. “Nilikuona unalia, na hapo njo nilikupenda sana. Mpaka sasa nakupenda, basikie bote.”

Hapo macho yake yalinitafuta. Juma zima nililia njaa ya macho hayo, na sasa yalikuwa yamenishika na hayaniachi, yakisihi, kichwa kikitikisika kidogo sana ili mama yake asione. Angeendelea kutazama chini, pengine ningekaa. Lakini alikuwa ananiomba tena ninyamaze, ananiomba niwe mtu mzuri, nirudi nyumbani nikamwage mitungi minne ya kasiksi na kumweleza mama yangu, na yeye achaguliwe mwakilishi. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

“Kasoro yako, unabawachaka batu mu njia, kisha unaenda kusema maneno mazuri. Papa Emile hakukufa na homa. Hakuna padri mwenye alimuzika. Ulimuacha chini ya muti, karibu ya toroli ya kuvunjika, akiwa muzima. Ulimuambia unaenda kutafuta maji.”

Kalamu ya Tonton Évariste ilianguka sakafuni.

Angeweza kukana. Mimi nilikuwa mwanamke aliyeachwa saa moja tu kabla, nina kila sababu ya kumzulia, na watu wote mule ndani wangemwamini yeye. Neno moja lingetosha. Alifungua mdomo, akaangalia karatasi ile ukutani na maandishi yangu mekundu.

“Aksanti,” alisema.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nilikuwa nimemlenga Constantin, kifuani, na nilitaka umchome. Nilisahau ni nani aliyekuwa amekaa nyuma yake.

“Constantin,” Maman Madeleine akaita.

Hakuinua kichwa.

“Constantin, sema iko uongo. Ukisema iko uongo, nitakuamini weye. Mwanangu, sema.”

Constantin alianza kulia. Alilia vile vile kama siku ile ya Nguba, mabega yakipanda na kushuka, na nikashangaa kuona kwamba machozi yake bado yananiuma. Mama yake alimtazama. Kisha akainuka, akapita kando ya kile kiti bila kumgusa, akaja mpaka mbele yangu. Nilingoja kofi. Nililitaka lile kofi, lingenisaidia.

“Alikuwa anaongea?” aliniuliza. “Papa Emile. Wakati alimuacha, alikuwa bado anaongea?”

“Ndiyo, maman.”

“Alisema nini?”

Sikutaka kujibu. Alinishika kidevu kama mtoto aliyekataa dawa.

“Sema. Umeshaanza.”

“Alimuambia asikawie.”

“Asikawie,” alirudia. “Asikawie.” “Miaka ine, Noëlla. Nilikuwa nalala. Nilikuwa na bwana wangu mwenye alizikwa na padri, na nilikuwa nalala usingizi. Ningekufa hivyo, bila kujua. Weye, umepata nini?”

“Sikupata kitu, maman.”

“Kitu gani umepata? Niambie.”

“Sikupata kitu. Unisamehe, maman. Sikuwaza weye. Niliwaza yeye tu.”

“Hauogope mutu,” alisema, bila hasira, kama anayejikumbusha. “Nilisema.”

Tonton Évariste alisogea na kikombe cha maji. Maman Madeleine akamsukuma mkono, maji yakamwagika sakafuni. Akina mama wenzake walikuwa wamesimama, hakuna aliyethubutu kusogea. Aurore alikuwa amefunika uso wake kwa daftari.

“Na ile kaburi?” Maman Madeleine akaniuliza. “Ile napaliliaka. Nani iko mule?”

“Sijui, maman. Hata yeye hajui.”

Alitikisa kichwa taratibu. Niliona midomo yake ikihesabu kitu, miezi labda, au maua. Kisha akafungua pagne yake, akaikaza upya kiunoni, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya mkubwa wa shirika.

“Fasi penyewe alimuacha, alikuambia?”

“Aliniambia. Kuna daraja ya miti, nyuma yake kuna kiwanda ya kahawa yenye ilichomwa. Muti yenyewe iko peke yake, upande wa kuume.”

“Vala viatu vyako. Tunaenda.”

“Sasa, maman? Na hii mvua? Barabara inafungwaka saa kumi, basirikali na bunduki zabo...”

“Nimesema sasa. Kama iko mifupa, nitaiokota. Kama haiko, nitaona hiyo muti.”

Nilimtazama Constantin kwenye kile kiti, uso umefichwa viganjani. Mtu niliyempenda, na saa moja tu iliyopita ningempa maisha yangu yote. Niliona haya kwenda na mama yake wakati yeye amekaa pale, mtoto wake wa tumbo, aliyesukuma toroli lile kwa mikono yake.

“Maman, umuulize yeye,” nilisema. “Miye nilisikia tu. Yeye njo alikuwa pale.”

Maman Madeleine hakugeuka kumtazama.

“Yeye?” alisema. “Nikimuuliza yeye, atanionyesha kaburi ingine.”